Filamu au tamthilia? Jozi nne zinazogusa jambo moja, na ningeanza na ipi

Watu wengi wakikuta filamu na tamthilia zinazogusa jambo lilelile huchagua kwa kuhesabu saa. Una saa mbili kabla ya kulala, weka filamu. Kesho hakuna kazi, weka tamthilia. Hesabu hiyo ni rahisi, ila huangusha mara nyingi. Kuna filamu ya saa tatu iliyoniacha na njaa, na kuna tamthilia ya misimu mitatu ambayo ningeridhika kabisa kama ingeishia msimu wa kwanza.

Siku hizi nauliza kitu kingine: uchungu wa hadithi hii uko wapi? Kuna mambo ambayo uchungu wake ni wa usiku mmoja. Yanapasuka, yanaunguza, yanapita. Hayo yanafaa filamu. Kuna mengine ambayo uchungu wake ni kule kuamka kesho na kuyakuta palepale. Hayo yape episodi zake. Kanuni hii si msahafu, na jozi ya tatu hapa chini inaipinga waziwazi.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida tu, yule anayesinzia mambo yakizidi kuzungushwa. Miisho sitoboi, ingawa matukio ya katikati nitayataja pale inapobidi.

Jikoni: Boiling Point na The Bear

Zote mbili zinamhusu mpishi mkuu anayeporomoka huku oda zinaendelea kuingia. Hapo ndipo kufanana kunapoishia.

Boiling Point ni filamu ya Uingereza ya 2021, ya kama saa moja na nusu. Andy, anayeigizwa na Stephen Graham, anafika mgahawani kwake London amechelewa, simu sikioni, na kumkuta mkaguzi wa afya tayari yumo jikoni. Ni msimu wa Krismasi, meza zimejaa kuliko wafanyakazi wanavyoweza kuhudumia. Kuanzia hapo kamera haikatwi hata mara moja mpaka mwisho. Wala si ujanja wa kuunganisha vipande: walipanga kuirudia kazi nzima mara nane, janga la korona likawakatiza baada ya mara nne, na tunachokiona ni ile mara ya tatu.

Faida yake ni kwamba huna pa kupumulia, kama wao wasivyo na pa kupumulia. Kuna kijana upande wa keki na vitamu ambaye hataki kukunja mikono ya shati. Mama anayemfundisha kazi anamkunjia mwenyewe, kama mzazi, kisha anaona mkono ulivyo. Anamkumbatia. Filamu nyingine ingekaa hapo dakika tano, ingeweka na muziki. Hapa kamera inaondoka, kwa sababu jikoni kazi inaendelea na hakuna mwenye nafasi ya huzuni ya mtu mwingine. Nilitaka kurudi kwa yule kijana. Ndivyo walivyokusudia. Ukiitazama, ifuatilie pia ile chupa ya plastiki anayotembea nayo Andy usiku kucha.

The Bear inatokea Chicago. Carmy, kijana aliyepikia migahawa mikubwa yenye sifa, anarithi duka la sandwichi la kaka yake aliyejiua, pamoja na madeni yake na wafanyakazi wasiotaka kubadilishwa. Msimu wa kwanza, wa 2022, una episodi nane, nyingi za kama nusu saa. Ukitaka kulinganisha haki kwa haki, chukua episodi ya saba: mfumo wa oda za mtandaoni umeachwa wazi, mashine inatema karatasi bila kukoma, na karibu episodi yote imepigwa kwa shoti moja. Ni dakika ishirini tu. Zinabana kifua kama filamu nzima ya Boiling Point, na sababu ni moja: tayari umeshakaa na watu hawa episodi sita. Unajua nani anamwonea wivu nani. Mtu akipaza sauti, unajua kelele hiyo ilianzia wiki gani.

Lakini kilichonifanya niiweke juu ni Richie, mmoja wa wafanyakazi wa duka. Mwanzoni havumiliki. Anabwata, anadharau, anajifanya ndiye anayelijua duka kuliko wote. Ungekuwa wewe ndiye mwenye duka ungeshamfukuza. Halafu msimu wa pili, episodi ya saba, anapelekwa kujifunza wiki moja kwenye mgahawa wa hali ya juu, na kazi anayopewa ni kung'arisha uma. Uma tu, mmoja baada ya mwingine, asiachie hata doa. Anakasirika, anaona ametukanwa. Kisha taratibu anaanza kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuheshimu uma. Filamu haiwezi kukupa hilo. Kwenye filamu Richie angebaki mpiga kelele wa pembeni, kwa sababu hakuna muda wa kumchukia kwanza.

Lawama ninazo. Episodi inayotangulia hiyo, ile ya chakula cha Krismasi cha familia, inazidi saa nzima na watu wanapayukiana juu ya meza mpaka kichwa kinauma. Ni kazi bora, ila usiiweke ukiwa umechoka. Msimu wa tatu unapenda mno kukodolea nyuso za watu wanaowaza. Na usidanganywe na tuzo: kwenye Emmy imeshindanishwa kama vichekesho, na ikashinda kama vichekesho. Ukiifuata kwa ajili ya kucheka utasubiri sana.

Kwa hiyo? Kama unataka kujua kazi hii inavyomla mtu kwa usiku mmoja, Boiling Point, bila kusitasita. Kama unaweza kutoa misimu miwili, The Bear, na mimi ndiyo niliyoichagua, kwa sababu shida halisi ya jikoni ni kwamba kesho asubuhi lazima duka lifunguliwe tena. Hata wenyewe wa Boiling Point ni kama walilijua hilo: mwaka 2023 BBC iliiendeleza kwa tamthilia ya episodi nne, ikimfuata Carly, yule aliyekuwa msaidizi wa Andy.

Atomu: Oppenheimer na Chernobyl

Hapa hesabu ya saa inadanganya kuliko popote. Oppenheimer ya Christopher Nolan, ya 2023, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomu, ni saa tatu kamili. Chernobyl, ya 2019, kuhusu ajali ya kinu cha nyuklia Ukraine ya enzi za Usovieti, ni episodi tano. Nilidhani filamu ndiyo nyepesi kumeza. Ni kinyume chake.

Nianze na sifa za filamu, kwa sababu inazistahili. Lile jaribio la bomu la kwanza, Julai 16, 1945, jangwani New Mexico, sijaona lingine lililopangwa vile. Saa nzima wanakujenga: mvua, upepo, wanasayansi wamelala kifudifudi, mmoja anajipaka mafuta ya jua usoni. Kisha mwanga. Na kimya. Mwanga umeshajaa skrini na bado husikii kitu ila pumzi ya mtu, kwa sababu sauti husafiri polepole kuliko nuru. Unajikuta unaingoja ile sauti kwa hofu, ukijua itakuja. Cillian Murphy anabeba yote usoni, na Oscar saba ilizopata sikuzishangaa.

Ila tukio hilo likipita bado una karibu saa nzima mbele yako, na saa hiyo ni ya wanaume wenye suti wakihojiana vyumbani. Ni hapo wengi huchukua simu. Ili usipotee, jua mambo mawili mapema. Sehemu za rangi tunaona mambo kwa macho ya Oppenheimer. Sehemu za nyeusi na nyeupe ni kwa macho ya Lewis Strauss, hasimu wake serikalini, yule anayeigizwa na Robert Downey Jr. Na mahojiano ni ya aina mbili: kile chumba kidogo chenye joto ni 1954, Oppenheimer akinyang'anywa kibali cha kushughulika na siri za serikali, ule ukumbi mkubwa ni 1959, Strauss akihojiwa na Seneti ili awe waziri. Ukiyajua hayo, saa ya tatu inageuka kuwa hadithi ya kisasi, na inanoga. Usipoyajua, unaona watu wanazozana tu. Filamu inayohitaji maelezo kabla ya kuiwasha ina deni kwa mtazamaji, hata kama ni nzuri.

Chernobyl haina deni hilo. Mapema kabisa unakuja mlipuko wa Aprili 26, 1986, kwenye kinu namba nne, na katika episodi ya kwanza watu wenye vyeo wanakataa kwamba kinu kimelipuka. Kipimo cha mionzi kinasoma 3.6. Namba hiyo inapanda kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kutoka chumba cha mitambo hadi kwa wakubwa, na kila anayeipokea anapumua: si nzuri, lakini si mbaya sana. Tatizo ni kwamba 3.6 ndiyo namba ya juu kabisa ambayo kifaa kile kinaweza kuonyesha. Kilipoletwa kipimo kikubwa, kikasoma 15,000. Hakuna zimwi, hakuna jambazi, hakuna stering wa kuruka madirishani. Kuna namba moja ndogo iliyowafurahisha wakubwa, na mji mzima wa Pripyat umelala chini yake.

Halafu lile paa. Kwenye episodi ya nne askari wanapanda juu ya jengo la kinu kusafisha kwa makoleo vipande vya grafiti vilivyorushwa na mlipuko, na kila mmoja anaruhusiwa sekunde 90 tu. Kamera inapanda nao na inakaa sekunde 90 bila kukatwa. Hakuna maelezo, ni pumzi ndani ya barakoa na mlio wa kipimo. Mmoja anajikwaa. Sekunde 90 ni nyingi mno, niamini.

Kwa upande wa ukweli, zote mbili zimechonga. Chernobyl ina mwanasayansi mwanamke, Ulana Khomyuk, ambaye hakuwahi kuwepo. Amewekwa kuwakilisha wanasayansi wengi waliosaidia uchunguzi. Na Legasov, mwanakemia mkuu wa hadithi, hakuwa mahakamani kwenye ile kesi ya mwisho, ingawa tamthilia imemsimamisha pale na vibao vyake vyekundu na vya buluu. Mimi naisamehe, kwa sababu kwa vile vibao ndipo nilipoelewa kinu kinavyofanya kazi na kwa nini kililipuka. Sikuwahi kuelewa shuleni.

Chagua Chernobyl. Lakini gawanya: episodi moja kwa usiku, na ile ya nne usiitazame kama unafuga mbwa na moyo wako mwepesi. Oppenheimer iwekee siku ambayo hakuna atakayekupigia simu, na skrini kubwa kadiri unavyoweza. Kwenye simu ya mkononi ile kimya ya jangwani haina maana yoyote.

Umaskini na utajiri: Parasite na Squid Game

Zote za Korea Kusini, zote zinahusu watu waliobanwa na pesa mpaka wakakubali lolote. Kwa kanuni yangu, umaskini ni shida ya kila siku, kwa hiyo tamthilia ingepaswa kushinda. Haishindi.

Squid Game ya 2021 inajulikana: watu 456 wenye madeni, michezo ya watoto, anayeshindwa anauawa, zawadi ni won bilioni 45.6, yaani kila kichwa kimoja kimetiwa bei ya won milioni 100. Yule mwanasesere mkubwa anayegeuza kichwa keshakuwa maarufu kuliko waigizaji wenyewe. Lakini episodi iliyonishika kuliko zote ni ya pili, ambayo haina mchezo hata mmoja. Wachezaji wanapiga kura, wanarudishwa makwao, kila mtu anarudi kwenye deni lake, kwa mama yake mgonjwa, kwa mdai wake. Na kisha, kwa hiari yao, wengi wanarudi kule kwenye kifo. Hapo tamthilia imesema yote iliyokuwa nayo. Episodi ya sita, ya gololi, inaumiza pia, kwa namna nyingine. Kisha wanakuja wale matajiri wenye barakoa za dhahabu, na mazungumzo yao ni mabovu mpaka unaona aibu kwa niaba yao.

Parasite ya Bong Joon-ho, ya 2019, inamaliza kwa dakika 132. Familia ya watu wanne inaishi nusu chini ya ardhi, inakunja maboksi ya piza kwa ujira, inawinda intaneti ya jirani ikiwa imejikunyata kando ya choo. Mmoja baada ya mwingine wanajipenyeza kazini kwa familia tajiri. Nusu ya kwanza utacheka kwelikweli, kuliko utakavyocheka kwenye The Bear misimu yote.

Kuna mvua kubwa katikati. Kwa matajiri, mvua ile imeharibu safari ya kwenda kupiga kambi, basi. Kwa ile familia maskini, ya Kim, mvua inashuka nao ngazi kwa ngazi, barabara kwa barabara, mpaka chini kabisa ambako choo kinatapika maji machafu nyumbani kwao. Asubuhi yake yule mama tajiri yuko kwenye gari, anaongea na simu kuhusu sherehe, anasema mvua ya jana ilikuwa baraka, angalia anga lilivyosafika. Anayeendesha gari ni baba aliyelala kwenye ukumbi wa wahanga wa mafuriko. Mama anaikunja pua, anafungua dirisha. Hakuna aliyetukanwa. Mtazame dereva usoni.

Squid Game inahitaji bunduki na damu ili kusema kile ambacho Parasite inakisema kwa dirisha la gari. Hii ndiyo sababu kanuni yangu inavunjika: Bong ameuweka umbali wote kati ya tajiri na maskini ndani ya ngazi, juu na chini, na jicho linauona mara moja. Huhitaji siku nyingi kuambiwa.

Kama hujaona hata moja, Parasite kwanza. Ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora, na kwa mara moja tuzo na mtazamaji wa kawaida wanakubaliana. Squid Game tazama msimu wa kwanza, kisha simama. Msimu wa pili, uliotoka Desemba 2024, unarudia njia ileile kwa miguu mizito, na wa tatu, wa Juni 2025, unamalizia tu kilichoachwa njiani. Na zote mbili zitazame kwa Kikorea, ukisoma maandishi ya chini. Sauti za kuwekewa juu zinaua uigizaji wote, hasa Parasite, ambako adabu ya kinafiki imo kwenye toni ya sauti.

Uhalifu kwenye theluji: Fargo na Fargo

Hii ni fupi. Filamu ni ya 1996, ya ndugu wawili Coen, dakika 98: muuza magari mwenye madeni anakodi wahuni wawili wamteke mke wake ili baba mkwe alipe fidia. Tamthilia ilianza 2014, na kila msimu una hadithi yake na watu wake, kwa hiyo unaweza kuingilia popote. Zote zinaanza kwa kutangaza kwamba ni hadithi ya kweli. Si kweli, ni utani wao, usihangaike kutafuta.

Anza na filamu, kwa ajili ya Marge, mkuu wa polisi mjamzito anayeigizwa na Frances McDormand. Anaingia amechelewa, karibu nusu saa imepita, anaamshwa usiku, mume wake anainuka kumkaangia mayai kabla hajaenda kutazama maiti. Kisha nenda msimu wa kwanza wa tamthilia, episodi kumi, ambako Billy Bob Thornton ni mtu mwovu mwenye utulivu wa kuogofya. Mpangilio huu una faida: kuna kitu kutoka kwenye filamu kinachojitokeza kwenye tamthilia, na aliyeanza na tamthilia hatakigundua. Msimu wa pili, unaotokea mwaka 1979, wapo wanaousifu kuliko wa kwanza. Mimi ninabaki na wa kwanza.

Ukitaka tamthilia lakini una usiku mmoja tu

Weka Adolescence ya 2025. Episodi nne, kila moja imepigwa kwa shoti moja bila kukatwa, na aliyeongoza ni Philip Barantini, yuleyule wa Boiling Point, tena akiwa na Stephen Graham. Mvulana wa miaka 13 anakamatwa kwa tuhuma za kuua mwenzake wa shule. Nani kafanya utajua mapema. Kinachotafutwa ni kwa nini. Episodi ya tatu karibu yote ni mtoto na mwanasaikolojia ndani ya chumba kimoja, meza katikati, mwanasaikolojia akimletea kikombe cha chokoleti ya moto. Humo chumbani unatoka mara chache tu. Owen Cooper, aliyecheza mtoto huyo, alipata Emmy akiwa na miaka 15.

Kama una mtoto wa umri huo nyumbani, itazame peke yako kwanza, kisha ndiyo uamue kama mtaitazama naye.